Mama Yuko na Nani?

Safari yenyewe ilikuwa hongo. Watu wazima wote waliobanana ndani ya lile gari dogo walilijua hilo, isipokuwa, kama walivyodhani, yule aliyekuwa anahongwa. Yeye alikaa mbele, karibu na dereva, mkoba wake mapajani, akiitazama barabara kwa makini kama mtu aliyeombwa aikague.

Mtaani walimwita Opereta. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameunganisha simu za watu, mpaka siku ilipoletwa mashine iliyofanya kazi hiyo bila kusema "subiri kidogo". Sasa alikuwa na miaka sabini na mmoja, pensheni ndogo isiyokosa kufika, na kitanda kimoja katika sebule ya mwanawe wa kiume, alicholalia pamoja na wajukuu wawili, mmoja wa miaka tisa aliyeitwa Kasuku kwa maneno yake, na mwingine wa miaka mitano aliyeitwa Bonge kwa mashavu yake.

Mwanawe huyo alikuwa kinyozi. Mkewe alikuwa mshonaji. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili, na cherehani ilikaa sebuleni, kati ya kitanda na dirisha, kwa hiyo mtu akitaka kushona ilibidi mwenzake akunje miguu. Walikuwa wameishi hivyo miaka mitatu bila ugomvi, yaani kwa kunyamaza sana. Kisha shule ya jirani ikampa mshonaji kazi ya sare za watoto mia tatu. Kazi ya namna hiyo haiji mara mbili. Ilihitaji cherehani ya pili, meza ya kukatia, na mahali pa kurundika vitambaa. Katika nyumba ile palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo, napo palilaliwa na mama mkwe.

Basi walikaa kikao, kinyozi, mkewe na dada yake kinyozi, aliyekuwa karani na mwenye gari. Ikaamuliwa kwamba kuanzia Jumatatu mama atakwenda kukaa kwa dada. Dada alikubali kama mtu anavyokubali sindano, kwa kutazama upande mwingine. Likabaki jambo dogo, nani atamwambia.

"Nitamwambia mimi," kinyozi alisema siku ile, akijipigapiga kifuani. "Ni mama yangu. Tumpeleke mahali pazuri, ale, apigwe na upepo, moyo ukunjuke. Halafu nitamwambia taratibu, kama mtu anayenyoa mtoto."

Ndipo dada akataja kisiwa kimoja.

*

Hakikuwa kisiwa siku nzima. Maji yakipwa, tuta la mawe liliibuka kutoka ufukweni mpaka kisiwani, refu kama barabara ya mtaa mzima, na watu walivuka kwa miguu wakiwa wamebeba vikapu na watoto. Maji yakijaa, tuta lilizama, na kisiwa kikawa kisiwa kweli. Mwanzoni mwa tuta palikuwa na kibanda na ubao: LEO NJIA INAFUNGWA SAA SITA MCHANA. INAFUNGULIWA SAA KUMI. Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa chaki: *Maji hayana rafiki.*

Walifika saa tatu asubuhi. Mkata tiketi alihesabu vichwa.

"Wakubwa wanne, watoto wawili."

"Watatu," kinyozi alisema. "Huyu ni mzee. Wazee si wanaingia bure?"

"Awe na kitambulisho."

"Kitambulisho cha nini, ndugu yangu? Mtazame tu. Mtazame mikono, mtazame shingo."

Mkata tiketi akamtazama Opereta shingoni. Watu waliokuwa kwenye foleni nao wakamtazama. Mshonaji aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, akamvuta mumewe shati, lakini kinyozi alikwishaanza bei na hakuna aliyewahi kumsimamisha kinyozi katikati ya bei.

Opereta alifungua mkoba, akatoa noti, akaiweka dirishani. "Kata nne," alisema. "Na chenji mpe huyu kijana wangu, akanunue adabu."

Foleni nzima ilicheka. Kinyozi naye alicheka, kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa, akaipokea ile chenji. Wakavuka.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Upepo ulikuwa mwepesi, jua halijakasirika. Watoto walikimbiza kaa wadogo, dada akavua viatu vyake vya ofisini akagundua kumbe bado ana vidole, na mshonaji akatandika shuka karibu na ukuta wa mnara wa zamani, akapanga mikate, mayai ya kuchemsha, machungwa na chupa ya chai. Walikula. Walipomaliza kula, mshonaji na dada wakamtazama kinyozi.

Kinyozi alikohoa. "Mama."

"Naam."

"Nilikuwa nataka kusema."

"Sema, baba."

Bahari ikasikika. Kinyozi akatazama mnara, akatazama kucha zake. "Kula yai jingine," alisema.

"Nimekula mawili."

"La tatu halina ubaya."

Opereta alilichukua yai, akalimenya bila haraka. Baadaye kinyozi alimvuta mkewe nyuma ya mnara.

"Mwambie wewe, mama Kasuku. Ninyi wanawake mnajua kuzungumza."

"Mimi? Nimfukuze mama yako mimi?"

"Nani kasema kufukuza? Mwambie kwa upendo."

"Basi upendo mwambie dada yako autoe. Yeye ndiye anayempokea."

Dada alipoulizwa alisema kwamba yeye ana kichwa kinachomuuma, na jua linampiga, na jambo la namna hiyo ni bora lisemwe na mtoto wa kiume. Hivyo liliviringishwa kutoka kwa mmoja hadi mwingine mpaka mlinzi wa kisiwa akapuliza filimbi. Saa sita ilikuwa imekaribia. Ilibidi watu waondoke.

*

Kinyozi alitangulia, Bonge mabegani, Kasuku mkononi. Dada alifuata nyuma yao na chupa ya chai na shuka. Mshonaji alichelewa kidogo akikusanya maganda ya mayai, maana hakupenda kuacha uchafu mahali pa watu, kisha naye akaingia kwenye tuta, kikapu kikiwa tayari kimekwenda na mumewe. Maji yalikuwa yameanza kulamba mawe pande zote mbili, meusi na kimya.

Alikuwa amepita nusu ya njia alipoona kwamba migongo iliyo mbele yake haitoshi. Aliihesabu. Akaihesabu tena.

"Baba Kasuku!" aliita. "Mama yuko na nani?"

Kinyozi, aliyekwisha kukanyaga mchanga wa ng'ambo, aligeuka. "Si yuko na wewe?"

"Hayuko na mimi! Wifi, mama yuko na wewe?"

"Mimi nilidhani yuko mbele na mwanawe!"

Wote watatu walisimama. Kasuku alisikika akisema kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya kawaida kabisa, "Bibi yuko kule. Nilimpungia mkono."

Kinyozi alimtua Bonge chini na kuanza kurudi, lakini mkewe ndiye aliyekuwa karibu. Hakufikiri. Lau angefikiri angekumbuka kwamba hajui kuogelea, kwamba ana watoto wawili na sare mia tatu. Aligeuka na kukimbia kule alikotoka. Nyuma yake alisikia mumewe akipiga kelele, na filimbi ya kibandani ikilia kwa hasira. Sehemu ya katikati, ambapo tuta lilikuwa limebonyea, maji yalimfika vifundoni, kisha magotini. Jiwe lilimponyoka chini ya mguu, akapiga magoti, akainuka bila kiatu kimoja. Alikitazama kinavyokwenda, kiatu chake kizuri cha kutokea, kikielea kama bata asiye na haraka. Akakiacha.

Alipofika kisiwani, sketi ilikuwa imemganda miguuni na pumzi imemwisha. Mlinzi, mtu mnene mwenye ndevu za mvi, alimpokea kwa kumfokea. Mshonaji hakumsikia. Nyuma ya mlinzi, kwenye benchi la kibanda chake, alikaa Opereta, ameshika kikombe cha chai.

"Umesahau kitu?" Opereta aliuliza.

Mshonaji alikamua pindo la sketi. "Nimerudi kukufuata, mama."

"Aa." Opereta alipuliza chai. "Mimi nilidhani mmeamua."

*

Mlinzi alieleza kwamba boti iko kwa fundi tangu wiki iliyopita, kwamba hakuna ukaidi unaoshinda maji, na kwamba watakaa hapo mpaka saa kumi kama wafungwa wa heshima. Kisha moyo ukamlainika, akawaazima simu yake.

Mshonaji aliishika simu ile, akabaki anaitazama. Namba ya mumewe hakuijua. Katika simu yake iliandikwa Baba Kasuku, naye hubonyeza jina tu, na simu yake ilikuwa ndani ya kikapu, ng'ambo.

"Lete," Opereta alisema. Alibonyeza tarakimu zote bila kutazama mara mbili. Kinyozi alipokea kabla hata haijaita vizuri, na sauti yake ilisikika mpaka kwa mlinzi.

"Nyamaza," mama yake alimwambia. "Nyamaza kwanza, mwanangu. Mke wako yupo. Amelowa, hajafa. Mimi pia nipo, kama kuna mtu anauliza. Wape watoto machungwa. Tutaonana saa kumi." Akakata. Akamrudishia mlinzi simu yake na kumshukuru kwa ile sauti ya zamani ya kazini, laini kama siagi, hata mlinzi akasimama wima bila kujua sababu.

Wakawa na saa nne mbele yao.

Opereta alivua mtandio wake mpana akampa mshonaji ajifunge, na sketi wakaianika juu ya jiwe la moto. Walikaa upande wa nyuma wa kisiwa, penye kivuli cha ukuta. Katika miaka mitatu ya kuishi pamoja, hawakuwahi kukaa wawili peke yao bila mtoto kuingia katikati, au cherehani, au sufuria. Mshonaji alijaribu kusifia hewa. Opereta akakubali kwamba hewa ni nzuri. Hewa ikaishia hapo.

"Ni Jumatatu asubuhi au jioni?" Opereta aliuliza ghafla.

"Nini, mama?"

"Kuhamishwa kwangu."

"Nani amekwambia?"

"Ninyi. Mnanong'ona kama watu wanaopasua kuni. Mimi nimeajiriwa miaka thelathini na mmoja kukaa kimya wakati wengine wanazungumza, mama Kasuku. Sebuleni kwako kuna pazia tu." Alisema bila ukali. "Nilijua kwamba leo ndiyo siku. Nikasubiri. Mwanangu akanipa yai."

Mshonaji hakutaka kucheka. Cheko lilimtoka puani, na nyuma ya cheko yakaja machozi, vyote pamoja bila mpangilio. Aliomba radhi. Alisema ni kazi ya sare, kwamba si chuki, kwamba angekuwa na chumba cha tatu asingefungua mdomo. Opereta alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa sema la kweli. Hapa hakuna mtu, maji yametufungia. Nini kinakukera kwangu?"

"Hakuna, mama."

"Mama Kasuku."

Mshonaji alifuta pua. Alitazama bahari. "Redio," alisema kwa sauti ndogo.

"Redio!"

"Saa kumi na moja alfajiri, mama. Habari za dunia nzima. Mimi nimelala saa sita. Na unazungukia chungu changu unakoroga. Nikigeuka, umeongeza chumvi."

"Chakula chako hakina chumvi."

"Ndivyo tunavyokula!"

"Basi na mimi niseme," Opereta aligeuka akamkabili, macho yaking'aa kama mtu aliyeletewa mchezo anaoupenda. "Bonge ananipiga mateke ya mbavu kila usiku wa Mungu. Cherehani yako inanigongea kichwani kama mtu anayedai kodi. Choo kina foleni. Na mume wako anakata kucha mezani, na wewe humwambii kitu."

"Huyo umemzaa wewe!"

"Nilimkabidhi kwako akiwa na tabia nzuri!"

Mlinzi, aliyekuwa anapita na ndoo, aliharakisha hatua. Alidhani wanapigana. Lakini wanawake wale wawili walikuwa wanacheka, mmoja ameshika ukuta, mwingine ameshika ubavu. Cheko lilipokwisha, Opereta alinyoosha miguu na kutoa jambo lake.

"Mimi Jumatatu siendi kwa dada yenu. Nina chumba."

"Chumba gani?"

"Chumba. Kina mlango na dirisha. Ni nyumbani kwa mwenzangu tuliyekuwa tunakaa meza moja kazini. Mpangaji wake alihama mwezi wa pili, nami nimekishika tangu hapo."

Mshonaji alihesabu miezi kwa vidole. "Mama, huu ni mwezi wa sita."

"Najua."

"Miezi minne una chumba, na unalala kwetu na mateke ya Bonge? Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Mtaa wote ungesema mke wa kinyozi kamfukuza mkwewe. Wewe una wateja. Na asubuhi watoto wangepelekwa shule na nani? Nilikuona umebanwa, nikasema ngoja, nitavumilia mpaka mambo yako yakae sawa."

"Mimi ndiye niliyekuwa navumilia!"

"Basi tumevumiliana bure," Opereta alisema. "Kila mtu alibeba jiwe akidhani anamsaidia mwenzake."

Ingepasa mshonaji afurahi. Mzigo uliomnyima usingizi mwezi mzima ulikuwa umejitua wenyewe. Sare zingeshonwa, meza ingepata mahali, hakuna mtu angelia wala kulaumiwa. Lakini badala ya furaha alihisi kitu kikimchoma chini ya shingo, kama mfupa mdogo wa samaki.

"Kumbe hukupenda kukaa nasi," alisema.

"Ninyi mlikuwa mnanitoa."

"Ndiyo. Lakini mimi nilidhani wewe unataka kubaki."

Sasa maji yalikuwa yamejaa hasa. Tuta lote lilikuwa limefunikwa, na mtu asiyejua angeapa kwamba hapajawahi kuwa na njia. Ng'ambo walionekana watu wadogo kama punje, mmoja wao akitembea huku na huku ufukweni bila kupumzika.

"Nilipotoka msalani," Opereta alisema, "niliona migongo yenu. Niliita. Upepo ulikuwa unatoka kwenu kuja kwangu, hamkusikia. Kasuku peke yake aligeuka. Akanipungia mkono vizuri, kisha akaendelea na safari yake." Alikunja mtandio usiokuwepo mabegani, akakumbuka kwamba ameutoa. "Sikuogopa maji. Niliona tu jinsi mnavyotembea bila mimi. Mlikuwa mnatembea vizuri. Hakuna aliyepungukiwa na kitu."

"Mama."

"Ngoja. Halafu nikaona mmoja anarudi mbio. Nikasema, huyo ni mwanangu, damu si maji. Nikatazama vizuri, nikaona sketi. Mbona ulirudi? Hujui kuogelea."

"Sijui, mama. Miguu iligeuka yenyewe."

Opereta alitikisa kichwa polepole. Alinyoosha mkono, akamwondolea mchanga uliomganda shavuni kwa kidole gumba, kwa nguvu, jinsi mtu anavyomfuta mtoto wa nyumbani.

"Siku za Jumapili nilipenda," alisema. "Ukiwa hushoni, na mwanangu hajaenda kazini, na watoto wamelala mchana. Siku hizo sikutaka kwenda popote, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Mshonaji aliinuka kwenda kuigeuza sketi juu ya jiwe, ingawa ilikuwa imekauka.

*

Saa kumi kasoro, kabla mlinzi hajapuliza filimbi, kinyozi alikuwa ameshaingia majini kutoka ng'ambo, suruali ameikunja mpaka mapajani. Dada yake alimfuata nyuma, viatu mkononi, akiwaburuta watoto na kumkataza kaka yake jambo lisilosikika. Wanawake nao walianza kuvuka kutoka kisiwani, mmoja akitembea na kiatu kimoja. Wakakutana katikati, pale kwenye mbonyeo, maji yakiwafika juu ya vifundo.

Kinyozi alikuwa amelia. Alikuwa na macho ya mtu aliyekaa saa nne akijiambia maneno mabaya. Alimkumbatia mkewe kwa mkono mmoja na mama yake kwa mwingine, karibu wote waanguke.

"Mama huendi popote!" alitangaza. "Sikiliza. Kulikuwa na mpango. Ulikuwa mpango wa kijinga, na mimi ndiye mjinga. Utakaa kwangu mpaka siku ya mwisho. Sare washone nje!"

"Nje wapi?" mkewe aliuliza.

"Mtu asinigusie mama yangu!" dada naye alipaza sauti. "Wewe ndiye uliyemsahau, unamrudisha wapi? Anakuja kwangu. Leo hii. Atalala chumbani kwangu, mimi nitalala kwenye kochi."

"Kwako? Wewe si ulisema una kichwa?"

"Nani ana kichwa? Wewe uliyempa yai ndiye unayesema?"

"Nilikuwa natafuta maneno!"

"Kwenye yai?"

Watu wengine waliokuwa wakivuka walipunguza mwendo ili wasikose kitu. Kasuku alieleza kwa yeyote aliyesikiliza kwamba yeye ndiye aliyemwona bibi. Mshonaji alimtupia mama mkwe jicho, akitaka amalize jambo, lakini Opereta hakuwa na haraka. Aliwaacha wagombane kidogo zaidi. Si kila siku mtu anapata kugombewa, na katika umri wake asingejua ni lini tena.

Maji yalipoteremka chini ya vifundo vya wote, alipiga makofi mawili.

"Mmemaliza? Mimi nahama Jumamosi. Nina chumba changu, nimekilipia mwenyewe. Swali langu ni moja tu. Nani atabeba kitanda?"

Kinyozi alimtazama dada. Dada alimtazama kinyozi. Wote wawili wakamgeukia mshonaji, kana kwamba yeye ndiye aliyeyaleta maji.

"Msinitazame," mshonaji alisema. "Mimi nimepoteza kiatu."

*

Kitanda kilibebwa na kinyozi, juu ya paa la gari la dada, kikiwa kimefungwa kwa kamba na kulalamikiwa njia nzima. Chumba kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu wenye sakafu ya saruji. Kilikuwa kidogo, kimepakwa chokaa upya, na dirisha lake lilitazama barabara. Mwenye nyumba, mwenzake Opereta wa zamani, alikuwa bibi mwembamba aliyezungumza bila kukoma, na ilikuwa wazi kwamba wale wawili wangegombana kila siku kwa raha.

Walipanga vitu. Kinyozi alipigilia misumari miwili ukutani na mmoja kidoleni. Dada alifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Watoto walirukaruka kitandani mpaka wakafukuzwa. Kisha hapakuwa na kazi iliyobaki, na kila mmoja akasema "haya, mama", na "basi, mama", wakatoka mmoja mmoja. Opereta aliwasindikiza mpaka mlangoni tu. Akafunga. Komeo likasikika likiingia mahali pake.

Mshonaji alifika getini na wenzake. Gari lilikuwa limewashwa, watoto wamekwisha kugombania dirisha. Akasimama. Kuna neno alilokuwa amelitafuta wiki nzima, kuhusu asubuhi za miaka mitatu, watoto kwenda shule wameoga, wamechanwa nywele, na yeye hajainuka kwenye cherehani. Hakuwahi kulitamka, kwa kuwa walikuwa wanaishi pamoja, na watu wanaoishi pamoja hawashukuriani.

"Nakuja," aliwaambia, akarudi.

Alitembea ukumbi mzima. Mbele ya mlango alijikuta amekosa la kufanya na mikono yake. Katika nyumba yao hapakuwa na haja ya kuomba kuingia alipo mama mkwe. Aliinua mkono, akagonga.

"Hodi."

Ndani kiti kikasogea.

"Nani?"

Opereta aliifahamu vyema sauti ile. Angeitambua hata katikati ya sauti elfu.

"Mimi, mama."

"Mimi nani?"

Mshonaji alicheka, huku akiona aibu. "Mwanao," alisema.

Hatua zilikuja mpaka nyuma ya mlango, zikasimama. Komeo halikuguswa. Opereta alikuwa amesimama pale, mkono umeshafika juu ya chuma, anatabasamu peke yake. Ulikuwa mlango wake, na alitaka kuusikia ukigongwa mara ya pili.

Mshonaji akagonga tena.